Friji Moja, Ofisi Tano

Friji letu halikufa ghafla. Lilianza kukoroma, likatetemeka hadi sufuria zilizo juu yake zikagongana, kisha likanyamaza na kuwaacha changu na pweza wa mama watoto wakielea kwenye maji ya barafu. Samaki wale walikuwa wa biashara, walitoka soko la samaki la Deep Sea alfajiri. Ilipofika adhuhuri paka wote wa mtaa wetu wa Makorora, Tanga, walikuwa na kikao barazani kwetu.

Fundi akaja, akaligeuza, akaibandua kwa ukucha karatasi ya nembo mgongoni mwake. Chini yake palikuwa na nembo nyingine, imefubaa, yenye jina jingine na mwaka wa zamani. "Bosi, hili limepakwa rangi tu. Limeshakula chumvi kwa watu." Na sisi tulilinunua Ngamiani kwa bei ya jipya, waranti mwaka mzima.

Tuliporudi dukani, muuzaji alitukaribisha viti, kisha akatuonyesha mstari wa chini wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. "Na waranti?" akauliza mama watoto. "Waranti haihusu umeme, mama. Umeme wa huko kwenu mnaujua wenyewe."

Jioni shemeji, anayesomea sheria, akashika usukani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, akasema, inakataza kumdanganya mlaji, na maneno ya kwenye risiti hayamfutii haki yake. Mama mkwe akainuka na kujifunga khanga: "Basi twendeni kwa huyo mwenye sheria!"

Hapo shemeji akaanza kujikuna kichwa. Ubora wa friji ni wa shirika la viwango, TBS. Uongo wa muuzaji na nembo ya bandia ni wa Tume ya Ushindani. Umeme, kama kweli ndio mkosaji, ni wa mdhibiti wa nishati, EWURA. Risiti ni ya mamlaka ya mapato, TRA. Kudai fedha kwa mkataba ni mahakamani, kwa sheria ya mauzo tuliyorithi kwa Mwingereza. Friji limegawanywa kama ng'ombe wa arusi, kila ofisi na pande lake, na mnunuzi kabakiwa na harufu.

Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wana Sheria ya Kumlinda Mlaji tangu 2012, na Katiba yao ya 2010 inamtaja mlaji katika ibara ya 46. Kwetu mlaji amebanwa ndani ya sheria inayoangalia kwanza ushindani wa kibiashara. Mkosaji aweza kutozwa asilimia 5 hadi 10 ya mauzo yake ya mwaka, lakini faini hiyo haigandishi samaki. Fidia uiombe mwenyewe, uthibitishe mwenyewe, nauli juu yako. Ajabu ni kwamba mnunuzi asiyedai risiti naye hutozwa faini, na huyo hukamatwa palepale mlangoni mwa duka.

Mama watoto hakusubiri ibara. Kesho yake alibeba ndoo ya changu waliooza, akaketi nje ya duka na kumwambia kila aliyeingia: "Karibu mpenzi, friji za humu ni mpya. Muulize changu." Kabla ya alasiri muuzaji alirudisha nusu ya fedha.

Shemeji akasema tumeshinda kesi.

"Na asiye na mdomo kama wa mwanangu," akauliza mama mkwe, "huyo asinunue friji?"