Kila Fundi na Ugonjwa Wake

Fundi wa magari hapa Butimba haangalii gari linaumwa nini. Anaangalia yeye anajua kutibu nini. Ukimpelekea wa nozo, tatizo ni nozo. Wa pampu hata boneti hajafungua, keshasema pampu. Siku ukilipeleka kwa fundi rangi, utaambiwa rangi ndiyo inayoirudisha injini nyuma.

Pikapu yangu ni ya dizeli, ya zamani, haina turbo wala kompyuta. Inatoka nyumbani na nguvu zake zote, inapita stendi ya Nyegezi kwa mbwembwe, ikikaribia Usagara inalegea. Unakanyaga mafuta mpaka mguu unagusa bati, yenyewe inajikongoja na gia namba mbili huku bajaji zikikupigia honi uzipishe. Mimi nabeba mchele wa Sengerema. Zamani ukichelewa ulisingizia foleni ya kivuko pale Kigongo na kila mtu akaelewa. Tangu Juni 2025 lilipofunguliwa lile daraja la kilomita 3 mpaka Busisi, huna cha kusingizia. Imeshanizimikia katikati ya daraja, ziwa kushoto, ziwa kulia, watu wanapunguza mwendo kunipa pole na kupiga picha. Nilijipa moyo kwamba wanapiga daraja.

Majirani nao wamo. Huku tuna gereza na tuna chuo cha ualimu, kwa hiyo ushauri ni wa aina mbili: askari magereza anasema niibane, mwalimu anasema niielewe.

Filta ya dizeli ikabadilishwa. Ea klina ikapulizwa vumbi. Nozo zikang'olewa, zikaja mpya kwa bei ambayo pikapu yenyewe ingeona aibu kuisikia. Kisha pampu ikafunguliwa. Na kila fundi akimaliza anaifanyia majaribio: anaikimbiza hadi Nyegezi, anageuza, anashuka akifuta mikono kwa tambara. "Ngosha, umeona inavyovuta?" Inavuta, ndiyo! Hata ungebadilisha kioo cha pembeni ingevuta, maana ugonjwa unaanzia Usagara. Ukimwambia twende wote mpaka Usagara, ana gari la mtu anasubiriwa.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya moshi. Injini ya dizeli ikikosa hewa hutoa moshi mweusi. Yangu ilikuwa inakata nguvu bila moshi wowote, yaani ilikuwa na njaa, mafuta hayafiki. Fundi wa mwisho akasema injini imechoka, ishushwe.

Aliyeiponya ni kijana wa kituo cha mafuta. Mfuniko halisi wa tenki uliibwa siku nyingi, na fundi mmoja akanitengenezea wa bati, akauvisha mpira wa tyubu ya baiskeli. Unabana hasa, hautoi hata harufu. Kijana akauzungusha, wapi. Akaushika kwa mikono miwili akauvuta, ukachomoka kwa mlio mrefu: fyuuuuu! Akaruka nyuma. "Mzee, hili tenki halipumui."

Kumbe dizeli inayotoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na mfuniko wa kiwandani una njia ya kazi hiyo. Ukiliziba tenki kabisa, pampu inavuta huku na tenki linavuta kule. Ukisimama muda kidogo, hewa inapenya polepole, injini inafufuka, na fundi aliyeigusa mwisho anachukua sifa. Tukasogea pembeni, kijana akautoboa mfuniko kwa msumari, na pesa ya soda akaikataa. Nikavuka Kigongo na mzigo, nikapita bajaji.

Nilimfuata fundi wa nozo. Hakushtuka hata kidogo. Akasema mfuniko aliushuku tangu siku ya kwanza, ila aliniona mtu mzima mwenye pikapu yake, akaona haya kunitajia tatizo la msumari. Nikaulizia nozo zangu za zamani. Ziko kwenye gari lake. Anasema zinavuta vizuri sana.