Mwongozo kwa Anayetaka Kudisko Bila Kufeli

Kudisko kwa kufeli mitihani ni safari ndefu. Sharti upate sapu, uirudie, ukeri somo, uandike barua tatu za kujieleza, na mama akuombee kanisani. Mwenye haraka ana njia fupi, na mwongozo huu ni wake, hasa yule wa mwaka wa kwanza ambaye boom limeingia juzi na hajajua kwamba lina mwisho.

Anza kwa kutosoma kanuni za wanafunzi. Siku ya usajili ulitia saini kwamba umezisoma na kuzielewa, kisha kijitabu chenyewe ukakifanya mfuniko wa sufuria ya maharage, ambayo nayo imekatazwa bwenini. Usikifunue sasa. Ofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya akija kutoa semina, kaa nyuma karibu na mlango, usubiri soda.

Kisha uwe mkarimu. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapong'ara bila kujua. Mwanafunzi wa Kitanzania anaamini kwamba mfanyabiashara wa dawa za kulevya ni mtu mwenye jumba Mbezi na gari la vioo vyeusi. Sheria ya mwaka 2015 haina picha hiyo. Katika tafsiri yake ya biashara hiyo imetaja kununua na kuuza, sawa, lakini imetaja pia kutoa, kuhifadhi, kusafirisha, hata kuwa nazo tu. Haikudai upate faida. Kwa hiyo ukimpa jirani wa kitanda cha juu msokoto mmoja kwa moyo safi, bila hata senti, umeshaingia kwenye orodha ileile na mwenye jumba. Kiasi ulichokutwa nacho ndicho kinachopandisha au kushusha adhabu. Urafiki haushushi chochote.

Umembeba mshikaji chumbani kwa sababu amekosa nafasi ya bweni? Vizuri sana. Mwachie na nafasi ya begi lake chini ya kitanda, na usiulize kuna nini ndani. Siku warden akija na askari, mtabebana mpaka mahakamani.

Ukitoka likizo Nairobi, usiulize lolote kuhusu fungu la miraa. Huko Kenya ni zao halali linalolisha familia nyingi za Meru. Ukishavuka Namanga, fungu lilelile ni mirungi, na mirungi kwetu ni dawa ya kulevya kisheria. Polisi wa mpakani hatajali kwamba ulitaka tu kukesha na desa.

Kwenye sherehe ya kuzaliwa, ukipewa biskuti yenye harufu ya ajabu, kula. Ukiona dakika 20 zimepita na hujasikia kitu, ongeza ya pili. Bangi iliyoliwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kupanda, kwa hiyo zote mbili zitakukuta pamoja, pengine katikati ya mada ya mhadhiri.

Lililo muhimu kuliko yote: usitafute msaada. Amini kwamba ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ni ya waliopoteza vitambulisho. Mwenzako akianza kutetemeka, kutapika na kulalamika maumivu ya viungo, yaani arosto imempata, mcheke na umwite teja mbele ya darasa. Wazazi wakijua, wampeleke kijijini akalime. Jembe halijawahi kutibu arosto, lakini angalau majirani hawataona. Wala usimwambie kwamba Muhimbili wanatoa methadoni bure tangu 2011, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Akijua, anaweza kupona, akarudi darasani na kukupita kwa GPA. (Methadoni ni ya waliozoea heroini. Wa skanka anahitaji mshauri nasaha na muda, na hilo nalo usimwambie.)

Vyuo navyo vina mchango wao katika mwongozo huu, na si mdogo. Kanuni zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili; adhabu imepewa kurasa, msaada ukapewa sentensi moja mwishoni. Chuo kinachomfukuza kijana bila kumuuliza ameanza lini na nani anamletea hakijapunguza tatizo hata chembe. Kimelihamishia mtaani kwao, na aliyekuwa akimletea bado yuko getini.

Kama mwongozo huu umekukera, basi una rafiki unayemfikiria. Mpeleke wiki hii, kabla begi halijafunguliwa. Kliniki ya methadoni huhudumia kila siku, Jumapili ikiwemo, na hakuna atakayewauliza kama mmelipa ada.