Haja Ndogo ya Injini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpandisha mama mkwe boti kule Ziwa Naivasha. La pili, niliona injini ikirusha uzi wa maji kando, nikapaza sauti: "Kapteni, injini inavuja!"

"Haivuji, bosi. Inakojoa."

Nikakohoa. Neno hilo mbele ya mkwe! "Mama, anasema inakwenda haja ndogo."

Kapteni, ambaye mila anayoijua ni ya injini tu, akaendelea kunifunza. Kwenye gari langu maji yaleyale huzunguka baina ya injini na rejeta, hayagusi ekzosi kamwe. Boti ya nini kubeba rejeta, na imeketi juu ya ziwa zima? Pampu yenye feni ya mpira huvuta maji kupitia matundu ya chini, huyapitisha ubavuni mwa silinda, kisha mengi humwagiwa moshi. Moshi hupoa, kelele hupungua, na vyote hutokea pamoja katikati ya propela, chini ya maji. Ndiyo maana nyuma yetu kulikuwa na mapovu tu. Ule uzi wa kando hutolewa makusudi, ujulishe kwamba pampu inavuta. "Ikiacha kukojoa, zima haraka, la sivyo itaungua."

Mama mkwe alisikiliza kimya, mikono mapajani.

Tukapita kando ya gugumaji. Nilikuwa nikihesabu masikio ya viboko (kumi na manne, nikagawanya kwa mbili, hofu ikabaki ileile) niliposikia ukelele:

"Kapteni! Haikojoi!"

Ni yeye.

Injini ikazimwa. Viboko wakageuza vichwa. Kapteni akaiinua, akang'oa mizizi iliyoziba matundu, akaiwasha tena: tone, tone. Akataka waya. Mimi nilikuwa na simu ya bei na kadi tatu za benki. Mama mkwe akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa. Kapteni akachokoa kitundu, na mkojo ukafyatuka moja kwa moja hadi kwenye suruali yangu ya kaki, pale ambapo hakuna maelezo yanayosaidia.

Jioni tulisimama Kikopey kula nyama choma. Baridi ilikuwa imeshuka nilipowasha gari, na ekzosi ikadondosha matone mawili matatu. Mama mkwe hakupanda kwanza. Alizunguka nyuma, akainama, akachungulia.

"Imekojoa," akasema. "Twende."