Bomba Tupu

Sisi Wanyamwezi tuna ugonjwa ambao daktari hauoni kwenye picha: tukiuona mzigo, mabega yanawasha. Babu zetu walibeba frasila mbili kwa mtu, yaani kilo 32 hivi. Walikwenda pwani na pembe za ndovu, wakarudi Unyanyembe, yaani hapa kwetu Tabora, na nguo, shanga na nyaya za shaba, na juu ya mzigo wa tajiri kila mpagazi alikuwa na vyake vya kulalia na kupikia. Msafiri Burton alipofika hapa mwaka 1857 alikuwa ametumia siku 134 kutoka pwani. Stanley, mwaka 1871, alitumia 84. Nimesoma habari za safari zote mbili, na sijaona popote kirangozi, kiongozi wa msafara, akimwambia mpagazi, “Wewe leo anza na mti mtupu.”

Mimi nimeambiwa. Nimeambiwa na binti wa mazoezi ya viungo, umri wa mjukuu wangu, tena kwa upole mwingi: “Babu, utaanza na bomba tupu.” Tangu siku ile naona haya hata kupita Kwihara, alikofikia Stanley.

Bomba lenyewe ni la maji, tulilinunua Tabora mjini. Vyuma vyetu hapa Kipalapala havitoki dukani. Unatafuta kopo la rangi la lita 4, unasimamisha kijibomba kipana katikati, unamimina zege, unasubiri likauke. Likikauka una kilo 10, pungufu kidogo au zaidi kidogo kutegemea ubahili wako wa saruji. Mimi nilikuwa na makopo manne, na benchi niliyoipigilia misumari mwenyewe chini ya mwembe. Miaka mingi vijana wamekuwa wakija jioni kupiga tizi, nami nikiwahesabia na kuwasimanga.

Kisha nyonga ya kulia ikaanza. Kwanza nikasema ni baridi ya Julai. Agosti ikapita na joto likaja, ikabidi nitafute sababu nyingine. Jirani mmoja alikuwa nayo tayari, na jina la mchawi pia, lakini mke wangu akanipeleka kupiga picha. Gegedu lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa kama jiwe la kusagia lisilo na mtama. Ikaamuliwa nibadilishiwe: kichwa cha mfupa wa paja kinakatwa, kinawekwa cha chuma chenye tufe, na tufe linazunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Mwingereza John Charnley ndiye aliyeufanya upasuaji huu ukaaminika, mwaka 1962. Ndio mwaka niliozaliwa. Kwa hiyo mimi na nyonga yangu mpya ni rika moja.

Nina mtani Mzaramo, reli ilimleta Tabora na akasahau kurudi kwao. Siku ya kuniaga alikuja na futi ya fundi seremala. Hakusalimia. Alinipima kutoka utosini hadi kisiginoni, akapima na mabega, akaandika kwenye kiganja, akamgeukia mke wangu: “Shemeji, mbao za mninga zimepanda bei, lakini misumari hatutanunua. Huyu anarudi na chuma chake.” Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ndiye nilikuwa naumwa.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nililala nikaamka. Masharti ndiyo yaliyonimaliza. Usiikunje nyonga kupita pembe mraba. Usipishanishe miguu. Usiugeuze mguu kwa ndani. Ni masharti mepesi kwa mtu anayeishi juu ya makochi. Hapa kwetu heshima zote zinafanyika chini: bao ni kwenye kigoda, msiba ni kwenye mkeka, na choo, samahani msomaji, ni cha kuchuchumaa.

Fundi akaitwa atengeneze kiti cha tundu. Lakini yule fundi hajui kutengeneza kitu kibaya. Alichukua mninga mwekundu, akaweka mikono, akachonga mgongo, akapaka vanishi. Kikawa kiti kizuri kuliko vyote nyumbani.

Wiki ya tatu jirani akafiwa. Mnajua desturi, vijana wanazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya viti. Mke wangu yuko msibani anachambua mchele, mimi nimelala, na kiti changu kimeoshwa kimeanikwa uani. Wakakibeba. Huko, mtu mwenye nia njema akaona kina tundu, akafikiri ukindu wake umekatika, akatandika kitambaa cha kufuma. Na kwa kuwa ndicho kilichong'aa, wakamkalisha mzee mmoja aliyetoka Sikonge kuiwakilisha familia ya upande wa pili.

Kitambaa kilivumilia hadi zilipoanza salamu za rambirambi. Kisha mzee akaanza kushuka. Hakuanguka, alishuka polepole, magoti yakipanda, mpaka yakalingana na kidevu. Mwenye adabu zake, hakusema neno. Waliomtoa walikuwa wanne, wawili kwapani na wawili wameshika kiti. Nami saa ileile nimesimama uani na magongo yangu mawili, nikikitafuta kiti kwa haraka ambayo sitaieleza.

Wiki zikaenda. Nilijifariji kwa Livingstone, ambaye Stanley alimwacha Kwihara Machi 1872, naye akakaa pale akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi! Mwaka uliofuata alifariki mbali kusini, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake ukapita hapahapa Unyanyembe kuelekea pwani. Kule London waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja zamani na haukuunga sawasawa. Mimi nimewapunguzia watu kazi. Nyonga yangu ina namba.

Wiki ya kumi na mbili yule binti akaniruhusu: uzito mdogo, mara nyingi, hakuna kuruka, hakuna kuchuchumaa na mzigo mabegani, maana kile kikombe cha plastiki nacho hulika. Na bomba tupu. Nikaenda chini ya mwembe kwa magongo, nikakuta nyumba imeshaamua matumizi mengine. Makopo mawili yalikuwa yamekandamiza bati la banda la kuku. La tatu lilikuwa linazuia mlango wa jiko. La nne halikuwapo. Bomba lilianikiwa kanga, na juu ya benchi michembe ilikuwa inakauka.

Nikaisogeza michembe, nikalala, nikanyanyua. Mara kumi. Mara kumi na tano. Bomba lile halifiki hata kilo 6, lakini nilitoa jasho la frasila nzima. Nikasema leo yatosha, niinuke.

Benchi ile niliipima zamani kwa magoti ya mtu mzima wa afya. Ni fupi. Kuinuka kwa mbele ni kuikunja nyonga kupita pembe mraba, na kugeuka ubavu ni kuupishanisha mguu. Nikatafakari nikiwa chali, bomba kifuani, kuku wakila michembe. Watoto wa shule wakapita. “Shikamoo babu!” “Marahaba.” Wakaenda zao, kwa kuwa mtu aliyeitikia vizuri hana shida. Kundi la pili likapita. “Shikamoo babu!” Nikaitikia tena. Sijui ni kiburi gani kilichonizuia kuongeza neno moja, “Nisaidieni.”

Aliyenikuta ni mtani. Alisimama, akanitazama kutoka utosini hadi kisiginoni, akasema, “Vipimo ni vilevile.” Kisha akapita nyuma ya kichwa changu, akaninyanyua mzimamzima kama ubao, akanisimamisha. Mzaramo, akimbeba Mnyamwezi! Amelisimulia hilo Tabora nzima, hadi stesheni.

Benchi sasa imeinuliwa kwa matofali. Nasimama na kuketi kwenye kiti kirefu mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, kisha bomba. Makopo mawili yamerudi kazini, na banda la kuku limepata mawe. Lakini frasila mbili siwezi kuzifikisha kwa makopo matatu, maana la tatu likivaa upande mmoja bomba linalala kama mlevi.

Kwa hiyo namwomba aliyelichukua lile la nne. Lina rangi ya bluu kwa nje, na juu ya zege kuna alama ya kiganja changu. Alirudishe, hakuna maswali. Ila asilitue mlangoni, aliweke juu ya meza. Chini bado siinami.