Kaizari Anauawa Jumamosi, Kiingilio Buku

Mchezo ulikuwa bado uko Katesh, na sisi wa Haydom tulishaambiwa kwamba haufai. Aliyeleta habari ni konda wa basi linalopita Basotu, kijana ambaye maoni yake kuhusu bei ya mahindi, usajili wa Yanga na hali za wagonjwa waliolazwa hayajawahi kukatiwa rufaa. Alishusha madumu ya mafuta ya alizeti, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa uhakiki wake mbele ya duka langu.

"Kuna mzee wanamuua katikati. Akishakufa anakohoa. Wanamuua tena, anakohoa tena." Akadandia mlango. "Hela zenu nunueni sukari."

Angesema mchezo ni mzuri, wangekwenda walimu wanne na mchungaji. Lakini habari ya maiti anayekohoa ilifika mnadani kabla ya saa sita mchana, na jioni watu walikuwa wanaulizia tiketi dukani kwangu, mimi ambaye riziki yangu ni madaftari, kalamu na fotokopi. Matangazo ya kikundi cha waigizaji niliyatoa kwenye mashine yangu. Kikundi hakikuwa na fedha, kikanilipa kwa tiketi. Kwa hiyo kuanzia siku ile nilikuwa na sababu ya kibiashara ya kuomba mchezo usije ukaboreka njiani.

Mchezo wenyewe si wa kubeza. Shakespeare aliutoa London mwaka 1599, na Mwalimu Nyerere akautia katika Kiswahili, ukachapwa na Oxford University Press mwaka 1963, kisha ukatoka upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Huwa nafikiria jambo hili ninapopanga vitabu dukani. Nchi ina mwaka mmoja na ushei tangu iwe huru, Rais ana kila sababu ya kulala mapema, naye anakaa na taa akitafsiri kisa cha mkuu wa nchi anayechomwa visu na rafiki zake. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito wakaasi kweli. Kuna viongozi ambao wangetafuta burudani nyingine.

Shida ya Haydom ni kwamba Kaizari tunayemjua ni yule wa kanisani, anayehusika na kodi. Neno "KAIZARI" lilipobandikwa kwenye nguzo za stendi, wenye maduka wawili walifunga mapema, na mmoja akanituma nimuulizie kama semina hiyo ni ya lazima. Picha niliyoichapa chini ya jina, askari wa Kirumi mwenye kofia ya manyoya, haikusaidia. Askari wa aina hiyo huku tunawaona Ijumaa Kuu tu.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Haydom iko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai (mwezi uliopewa jina la marehemu mwenyewe) haina mzaha. Kikundi kilitoka pwani. Waroma walijitokeza wakitetemeka ndani ya mashuka ya kitanda, moja la maua ya waridi, jingine bado lina mkunjo wa pasi. Mbele yao, mstari wa kwanza, walikaa wazee wetu, Wairaqw na Wabarbaig, kila mmoja amejifunga blanketi lubega, fimbo katikati ya magoti, uso hauonyeshi kitu. Mgeni angeingia akitafuta Baraza la Seneti, asingetazama jukwaani. Na silaha vilevile. Majambia ya Waroma yalikuwa ya mbao zilizopakwa rangi ya fedha, lakini nje ya mlango, ambako mlinzi aliwaomba watu waache vitu vyao, ilisimama mikuki ambayo ingemaliza shauri la Kaizari kabla ya mapumziko.

Waigizaji walikuwa sita. Mswisi mmoja, Thomas Platter, aliyeuona mchezo wa Kaizari London Septemba 1599, aliandika kwamba waigizaji walikuwa kama kumi na watano, na kwamba mwishoni walicheza ngoma vizuri sana. Sita wetu iliwabidi wagawane Roma nzima. Kijana mmoja mwembamba alikuwa Cassius, kiongozi wa njama, na pia Calpurnia, mke wa Kaizari. Shuka likiwa begani ni Cassius. Likipandishwa kichwani ni Calpurnia. Mpango huo ungeweza kwenda, ila baridi ilikuwa inamuuma masikio, akawa anajifunika kichwa hata zamu ya Cassius.

Kuhusu lugha, sehemu hii ya Mbulu ni sumaku ya wataalamu. Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatooga cha Kinailoti, Kinyiramba cha Kibantu, na Wahadza wa Yaeda Chini wana lugha isiyo na ndugu popote. Kiswahili cha Mwalimu, kilichopangwa kwa mizani, kilipaa juu ya ukumbi na kuteremshwa kwa minong'ono. Nyuma yangu msichana wa kidato cha pili alikuwa anamtafsiria bibi yake. Alikuwa makini, na kwa sababu hiyo alikuwa nyuma kwa dakika mbili hivi, sawa na wakalimani wenzake wote ukumbini. Kicheko kilikuja kwa awamu: kwanza waliosikia, kisha waliotafsiriwa. Mtabiri alipomwonya Kaizari ajihadhari na tarehe 15 Machi, mtu akapaza sauti kutoka dirishani kwamba leo ni Julai, aende tu. Awamu ya pili ya kicheko hicho ilimkuta Brutus yuko peke yake, anatafakari kwa uchungu kama amuue rafiki yake. Aliacha kutafakari, akakagua shuka lake mbele na nyuma.

Tufani nayo. Walikuja na kipande cha bati cha kutikisa nyuma ya pazia ili kiwe radi. Upepo wa Julai ukakidharau, ukatikisa bati zote za ukumbi kwa mkupuo. Radi nzuri kuliko ile hakuna chuo cha sanaa kitakachokupa. Tatizo haikukoma tufani ilipokwisha. Iliendelea nyumbani kwa Brutus, ikaendelea kwa Kaizari, ikaingia hadi Seneti. Kitu kimoja tu kilikuja kwa wakati wake usiku ule. Shakespeare ameweka saa igonge mara tatu usiku wa njama, kosa ambalo wasomi wamemcheka nalo kwa karne kadhaa, maana Roma ya Kaizari haikuwa na saa za kugonga. Kikundi kilikuwa kimesahau kabisa mlio huo. Wakati wala njama wameinamiana, mlinzi wa shule ya jirani akagonga rimu ya lori, ngo, ngo, ngo, saa tatu kamili usiku. Cassius akatazama saa ya mkononi.

Lazima nieleze jambo la kuitikia, la sivyo utadhani tulikuwa watovu wa adabu. Wairaqw wana slufay, maneno ya dua na baraka ambayo mzee huyatamka kipande kwa kipande na waliokaa huitikia kila kipande. Msemaji asiyeitikiwa anaelewa kuwa hana watu. Kwa hiyo ushairi wa Mwalimu, unaokatika mstari kwa mstari, ulipoanza kushuka jukwaani, wazee waliupokea kwa heshima inayostahili: kila mstari, mguno mzito wa kukubali. Brutus alidhani anazomewa. Akarudia mstari. Akaitikiwa tena, safari hii kwa nguvu, kwa kuwa mtu akirudia jambo ni la maana. Akaurudia mara ya tatu macho yakimlengalenga.

Sasa Calpurnia. Alimpigia magoti mumewe asitoke, ameota ndoto mbaya. Akina mama walikuwa upande wake kabisa. Mmoja alimwamuru Kaizari arudi ndani akanywe uji. Kaizari akakaidi, akaenda Seneti, na huko aliyekuja kumchoma jambia la mbao alikuwa yuleyule mwembamba, shuka kichwani.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha bibi nyuma yangu, baada ya zile dakika mbili, akasema kwa Kiswahili safi ambacho sikujua kuwa anacho: "Alimwambia asiende. Hakusikia. Basi."

Damu ilikuwa juisi ya rozela. Kaizari, mzee wa kikundi na mwenye kikundi pia, alianguka vizuri, chali, na juisi ikamtiririkia mdomoni. Vumbi la jukwaa letu ni lile jekundu lililokuja na upepo tangu Mei. Mia tatu na kitu hivi tulishika pumzi. Akakohoa.

Sijawahi kusikia shangwe ya namna ile, hata Kombe la Dunia. Watu walikumbatiana. Kijana wa bodaboda aliyelipia kiingilio cha rafiki zake kwa dau la kikohozi alikusanya fedha zake papo hapo. Brutus, kwa uaminifu, akainama amchome tena, na Kaizari, amefumba macho, akamwambia kwa sauti tuliyoisikia wote: "Niache, kijana, nimeshakufa."

Hapo mchezo ungekwisha, na ungekwisha vizuri. Lakini kilichofuata ni mazishi, ambako Antony anauhutubia umati wa Waroma. Kikundi hakikuwa na umati. Kule Katesh, nilivyoambiwa, Antony aliyahutubia mapazia. Kwetu alipotamka tu kuwa marehemu ameacha wosia, umati ulikuwa tayari umesimama.

"Usome!"

Ndivyo Shakespeare alivyoandika, umati udai wosia, lakini Antony hakujua kuwa sisi tunadai kweli. Alipapasa shukani akatoa karatasi, nikaitambua: risiti yangu ya fotokopi. Akasoma kwamba kila Mroma ameachiwa drakma 75. Shilingi ngapi hizo? Antony akatazama pazia. Pazia likajibu: "Nyingi!" Akaendelea kwamba Kaizari ameacha bustani zake zote upande huu wa mto Tiber ziwe za wananchi, wao na watoto wao.

Mzee mmoja wa Kibarbaig kutoka upande wa Hanang akainuka taratibu kwa fimbo yake.

"Hizo bustani," akauliza, "zina hati?"

Hakuna aliyecheka. Wa huku wanajua. Mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO, yale ya msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, yalikaa juu ya malisho ya Wabarbaig chini ya mlima Hanang. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikakinyang'anya ushindi. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Tena aliuliza kwa utaratibu: nani alishuhudia wosia, mipaka imepandwa mawe au miti, na huyo Octavius anayesemekana yuko njiani anakuja na jeshi, je, anautambua? Swali la mwisho ndilo tamthilia nzima iliyobaki, na Antony, kijana wa miaka kama ishirini na miwili mwenye mafua, hakuwa na jibu. Hotuba ilishampotea. Alisimama tu, jasho linamtoka katika baridi ile, na kwa mara ya kwanza usiku ule nilimwamini mwigizaji.

Vita vya Filipi, vinavyofunga mchezo, havikupiganwa. Petroli ya jenereta iliisha, na hata isingeisha, wazee walikwishageuza viti wakakaa duara, tochi za simu katikati, shauri la mauaji ya Kaizari likafunguliwa rasmi. Walioshuhudia tulikuwa wote. Walioitwa ni Brutus, Cassius na marehemu.

Marehemu alisema alikuwa anamlea Brutus kama mwanawe. Alionyesha shuka lenye madoa, akalalamika pia habari ya kuchomwa mara mbili. Cassius alijitetea kuwa wakati wa tukio yeye alikuwa mke. Akina mama wakadai hapo ndipo penye uzito: mke alitoa onyo mbele ya watu, na anayetoa onyo hawezi kuhesabiwa mvamizi. Mwalimu mmoja wa Kiswahili alijaribu kueleza kuwa Brutus aliua kwa kuipenda Roma kuliko kumpenda Kaizari. Aliambiwa akae.

Ilipofika kwenye faini, mzee wa Hanang alimuuliza Brutus ana ng'ombe wangapi. Brutus akasema yeye ni wa Pangani, kwao wana minazi.

Wazee wakasogeza vichwa. Minazi haiswagwi. Ikaamuliwa kwamba shauri liahirishwe hadi ukoo wa Brutus utakapofika, na kwa sasa, kwa kuwa watu wamekaa na baridi, mshitakiwa atoe soda kreti moja. Brutus hakuwa hata na nauli. Kaizari, angali na rozela kidevuni, ndiye aliyefungua mkoba wa kiingilio akamlipia muuaji wake. Soda zikaletwa kutoka duka la jirani.

Mzee alipokea ya kwanza, akaishika kwenye kiganja, akairudisha.

"Za moto hamna?"