Barua ya Wazi kwa Wizara ya Elimu: Pongezi kwa Jukwaa Lisilomsumbua Mtu

Kwa: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia
Nakala: TAMISEMI, meza kuu zote za mahafali, Kariakoo na maeneo jirani

YAH: PONGEZI KWA KUFANIKISHA SANAA ISIYOMKERA MGENI RASMI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Wizara inapongezwa kwa kulipata, bila purukushani wala gharama, jambo ambalo nchi jirani imelitafuta kwa mabomu ya machozi, yaani jukwaa la wanafunzi ambalo hakuna mkubwa anayelihofia. Mwezi Aprili 2025, mjini Nakuru, wasichana wa sekondari ya Butere walifika kwenye tamasha la taifa la maigizo la Kenya wakiwa na igizo la Echoes of War, kazi ya Cleophas Malala, ambalo lilikuwa limeenguliwa na kisha kurudishwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Polisi wakarusha mabomu ya machozi, mwandishi akakamatwa, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kushuka jukwaani bila kuigiza. Kosa la Wakenya ni bayana. Kwa zaidi ya nusu karne wamelea tamasha ambalo shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi taifa, washindi wakaalikwa hata Ikulu, mpaka watoto wakaamini kwamba igizo ni kauli yenye uzito, na kauli yenye uzito haikosi siku moja kuhitaji askari.

Dar es Salaam ya katikati ya jiji, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Gerezani, imeepushwa na balaa hilo kwa chombo rahisi kiitwacho meza kuu. Meza kuu ni meza iliyotandikwa kitambaa na kupangwa chupa za maji, ambako hukaa mgeni rasmi pamoja na wote waliotajwa kabla ya MC kutamka kwamba itifaki imezingatiwa; na itifaki, kwa wasioifahamu, ni utaratibu wa kuwataja wakubwa kwa vyeo vyao hadi wadogo wasahau walichokuja kufanya. Katika mahafali ya kidato cha nne, wanafunzi waliofanya mazoezi ya igizo kwa majuma kadhaa husubiri nyuma ya khanga zilizotungikwa kama pazia, wakati utambulisho unamaliza safu ya kwanza na kuingia ya pili. Hatimaye MC husogelea kipaza sauti na kutangaza kwamba, kutokana na ufinyu wa muda, igizo litafupishwa. Ikumbukwe kwamba ufinyu huo wa muda haujawahi kuifikia hotuba ya mgeni rasmi, jambo linalostahili kuchunguzwa na wanafizikia.

Kinachosalia cha igizo chafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndicho ushahidi mkuu wa mafanikio ya Wizara. Baba huwa kijana wa miaka kumi na saba aliyebandikwa pamba kidevuni, aliyevaa kanzu ya mjomba inayoburuta chini, ambaye huingia akipepesuka na chupa tupu mkononi, na ukumbi huangua kicheko kabla hajasema neno. Binti huingia na mto uliofungwa tumboni chini ya khanga. Mto huo, kwa ufinyu wa vifaa, mara nyingi huteremka hadi magotini ifikapo onyesho la pili. Mwalimu mkuu wa igizoni humfukuza shule, mama hulia, kisha wahusika wote husimama kimya wakati msimulizi anaeleza funzo, asije mtu akaondoka na wazo lake mwenyewe. Hapa kuna jambo la kuistaajabisha Wizara yenyewe: mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni, lakini binti wa igizoni bado anafukuzwa na harudi. Jukwaa limekuwa kali kuliko waraka, na sababu yaelekea kuwa ni hii, kwamba mwandishi wa igizo hana hakika meza kuu ingependa mwisho gani, hivyo huchagua ule uliowahi kupigiwa makofi.

Ngonjera, yaani majibizano ya kishairi yaliyoenezwa na Mathias Mnyampala miaka ya 1960 ili kufafanua siasa ya wakati wake, nayo imepata kazi ya kudumu ya kuomba madawati. Mashindano ya vipaji yanaelezeka kwa ufupi zaidi, kwani humo mshiriki hufungua na kufumba mdomo huku wimbo wa msanii mwingine ukipigwa, na mshindi hupewa daftari.

Mdahalo, ambao ni mashindano ya kutetea au kupinga hoja mbele ya mwenyekiti na mtunza muda, unastahili pongezi za pekee. Hoja inayopendwa kuliko zote ni ile isemayo kwamba elimu ni bora kuliko fedha, nayo hujadiliwa kwa utulivu hatua chache kutoka maduka ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mahali ambapo hoja ya upande wa pili hutolewa kutwa nzima kwa spika. Mwanafunzi huanza kwa salamu ndefu aliyoikariri kwa Kiingereza, akamsifu mtunza muda hadi muda ukamwishia. Nje ya dirisha, mmachinga wa umri wake anamshawishi mpita njia asiye na nia ya kununua, anabadili maneno kila sura inapobadilika, anajibu kebehi kwa utani, na anauza. Wizara imefanya vema kutomkaribisha kijana huyo kuwa jaji.

Lakini ipo hatari ambayo tahadhari yake haina budi kutolewa, nayo imo ndani ya maktaba. Tamthilia, yaani mchezo wa kuigiza ulioandikwa, husomwa shuleni ili kutafutiwa dhamira na wahusika. Vizazi vya wanafunzi vimemjadili Ngoswe wa Edwin Semzaba katika karatasi ya mtihani bila kumwona akitembea, na hali hiyo ni salama. Tatizo litakuja siku mwanafunzi wa Kariakoo atakapoishika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Shakespeare aliyoichapisha Mwalimu Nyerere mwaka 1969, akakuta humo mfanyabiashara aliyeweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake kwa mkopeshaji. Mwanafunzi ambaye mama yake anauza vitenge kwa mkopo wa kausha damu, kama mtaa unavyoiita mikopo midogo yenye riba ya kutisha, ambaye ameshuhudia wakopeshaji wakibeba kochi na televisheni, hatahitaji mwalimu wa kumweleza dhamira. Atataka kuigiza, na mahali patakapoandikwa Venisi ataweka Mtaa wa Sikukuu.

Isidhaniwe kuwa hofu hii haina msingi. Mwaka 1996 Wizara yenyewe, ikishirikiana na wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, ilishiriki kuanzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe yanayowakwamisha, wakayatungia maigizo, kisha wakayajadili na watazamaji, walimu wakiwamo. Mpango huo ulienea hadi nchi nyingine za Afrika, na matokeo yake yalikuwa yale yale yanayotangazwa na jina lake, kwamba wasichana walisema, na baadhi ya waliosemwa walikuwa wameketi mbele.

Iwapo baada ya tahadhari hizi Wizara bado itataka kufanya jaribio, inapendekezwa kwamba katika mahafali yajayo ya Kariakoo igizo litangulie na utambulisho ufuate, na MC aruhusiwe kutangaza ufinyu wa muda pale tu mgeni rasmi atakapokishika kipaza sauti.

Inawasilishwa kwa heshima,
Mdau wa jukwaa la shule, Kariakoo