Kibali cha Mtu Asiyekunywa

Mimi pombe nilikatazwa na daktari. Hakuna bunge lililokaa, hakuna waziri aliyetia sahihi, wala sikupewa muda wa kumaliza iliyobaki kabatini. Vidonda vya tumbo havina saa za kufungua wala za kufunga. Basi mtu kama mimi ukimwambia kuna nchi ambako pombe ni marufuku, litamwasha lipi? Ndivyo nilivyodhani na mimi, kabla sijaanza kusafiri na shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu mwema. Hulipa madeni, hukosi kumwona matangani, na watoto wangu wakifukuzwa kwa karo yeye ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Lakini akishaingia uwanja wa ndege huwa na hesabu moja tu kichwani, nayo ni ya vichwa: tuko wangapi, na wangapi kati yetu hawanywi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu kila abiria mtu mzima kuingia na lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo bila ushuru. Asiyekunywa, kwa mujibu wa shemeji, ni lita inayotembea kwa miguu. Sijui ni mara ngapi nimeshuka Mombasa nimekumbatia wiski ambayo tumbo langu likilisikia jina lake tu linaanza kuguna.

Na huko ni penye ruhusa. Penye marufuku ndipo ninapokoma.

Tulimpeleka mama mkwe Ahmedabad, India, akafanyiwe upasuaji wa goti. Njia hiyo Wakenya wanaijua; ukikaa kwenye foleni ya ndege utasikia habari za magoti, figo na mioyo mpaka uanze kujihisi mgonjwa. Wasichoambiwa wengi ni kwamba Ahmedabad iko Gujarat, jimbo la nyumbani kwa Gandhi, na kwamba tangu Gujarat iundwe tarehe 1 Mei 1960 pombe imekuwa marufuku pale. Hakuna baa. Hakuna bango la bia barabarani. Shemeji alizipata habari hizo ndani ya teksi, alipomuuliza dereva ni wapi mtu anaweza kulainisha koo. Dereva akacheka akasema, "Daman." Daman ni kipande cha pwani kilichokuwa cha Wareno hadi 1961, hakiko chini ya Gujarat, na wikendi watu wa Gujarat humiminika huko kwenda kunywa. Shemeji akauliza ni dakika ngapi. Akaambiwa ni saa kadhaa. Tulifika hospitalini yeye akiwa ndiye anayeonekana mgonjwa.

Mama mkwe alipoelezwa, aliinua kichwa kwenye mto akasema, "Hawa watu wana akili. Mwanangu, hapa nitapona mara mbili." Wala hakuwa akitania. Kule Bihar, jimbo jingine la India, wanawake ndio waliopiga kelele hadi serikali ikapiga marufuku pombe Aprili 2016, na mama mkwe ni wa kabila hilo la wanawake, yeye na wenzake wa chama ambao huko kijijini wameshamwaga mapipa ya chang'aa kwa mikono yao.

Kumbe kuna kibali. Mgeni akionyesha pasipoti na viza, Gujarat humpa karatasi ya kununulia pombe kwenye maduka machache yaliyoruhusiwa, mengi yakiwa ndani ya hoteli. Lile tulilopelekwa halikuwa hata na jina mlangoni, na lilikuwa chini kabisa, karibu na maegesho ya magari. Karani akataka nakala ya pasipoti, nakala ya viza, anwani ya hoteli, tarehe ya kuondoka. Mama mkwe alipasuliwa goti kwa karatasi chache kuliko zile. Alipomaliza na shemeji akanigeukia, "Na wewe?" Nikamwambia mimi sinywi. Yule bwana aliweka kalamu chini, akanipa mkono. Papo hapo shemeji akanikanyaga mguu, na baada ya muda mfupi nikatoka pale nikiwa mnywaji aliyeidhinishwa rasmi na Serikali ya Gujarat.

Kibali kinataka pombe inywewe chumbani, si barazani wala mkahawani. Sasa shemeji, ambaye Mombasa huegesha gari popote linapotosha, ghafla akageuka wakili. Chupa iliyoandikwa kwenye kibali changu, akasema, lazima inywewe chumbani mwangu, la sivyo tutakuwa tumevunja sheria za watu. Na ya kibali chake? Ile anaiweka akiba. Basi kila jioni alinijia na ndala zake, akakaa kwenye kiti changu cha pekee, akawasha runinga yangu, akaitii sheria ya Gujarat hadi usiku wa manane, mimi nikiwa kitandani na glasi ya maziwa.

Kinachoniuma ni hiki. Ahmedabad ni mji ulioumbwa kwa ajili ya watu kama mimi. Pale Manek Chowk, mahali ambapo mchana ni soko la masonara, usiku zinapangwa meza na majiko, na familia nzima nzima, bibi mpaka mjukuu, huketi wakala vitafunio na aiskrimu hadi saa za wachawi. Hakuna mlevi wa kukumwagia kitu, hakuna wa kukukumbatia akikuita ndugu. Maisha yangu yote nimetafuta mahali pa kutoka usiku pasipo na walevi, na nilipopapata nilikuwa nimefungiwa chumbani na mlevi pekee aliyekuwepo.

Halafu kuna kibali kingine, cha wenyeji, kinaitwa cha afya. Mkazi wa Gujarat akipeleka ushahidi wa daktari kwamba afya yake inahitaji kileo, huweza kuruhusiwa kununua. Niliposikia hivyo niliwaza sana kuhusu daktari wangu. Mwenzake yuko huko anawaandikia watu wiski, yeye huku amenipangia uji.

Nisije nikaonekana ninawacheka watu. Mwaka 2009 pombe ya magendo iliua zaidi ya watu 100 katika mji huohuo wa Ahmedabad, na sisi huku Kenya hatuna la kuwaambia, maana mwaka 2000 Nairobi tulizika zaidi ya 100 kwa pombe ya kumi kumi bila kuwa na marufuku kama yale. Hasira yangu haiko hapo. Hasira yangu ni kwamba serikali inamkataza mnywaji, na mnywaji anakuja kukaa kwenye kiti changu.

Chukua Sharjah. Shemeji anauza vipuri vya magari, na ukitaka vipuri kuukuu vya Toyota huwezi kuikwepa Sharjah. Emirati hiyo imepiga marufuku pombe tangu 1985, huku Dubai, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ina baa mpaka juu ya maghorofa. Hoteli za Sharjah ni nafuu, akatuweka huko ili aokoe pesa, kisha pesa zote alizookoa akazilipia teksi za kwenda Dubai kila jioni. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya magari kati ya Dubai na Sharjah hatadai tena kwamba kivuko cha Likoni kinachelewesha watu. Mimi nilikuwa wa nini? Wa kurudi naye. Kuonekana umelewa Sharjah ni kesi, kwa hiyo makubaliano yetu yalikuwa kwamba tukishavuka asifungue mdomo, mimi ndiye wa kuzungumza na dereva, wa kumsalimia mlinzi, wa kubonyeza lifti. Mlinzi alikuwa akimwonea huruma sana. Siku ya kuondoka aliniuliza kwa upole kama ndugu yangu alizaliwa bubu.

Huyu bubu, ukimuuliza bei ya dizeli hapa kwetu hajui, lakini atakuambia kwamba Dubai iliondoa kodi ya asilimia 30 kwenye pombe Januari 2023 na ikairudisha Januari 2025. Anazijua tarehe hizo kuliko siku za kuzaliwa za wanawe.

Hata marufuku ya nyumbani yaliniangukia mimi. Mwaka 2020, wakati wa korona, baa zilifungwa lakini mikahawa ikafunguliwa, na bia ikawa inaletwa mezani ikiwa umeagiza chakula. Nairobi yote ikaanza kuagiza soseji. Hakuna aliyezitaka, zilikuwa ni ushahidi tu askari akiingia. Na nani aliyekuwa akiitwa kuja kuula huo ushahidi ili mezani paonekane ni pa watu wanaokula? Nilizila za moto, nikazila za baridi, nikazila za meza ya jirani. Tarehe 27 Julai Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku pombe mikahawani pia, wenzangu waliomboleza. Mimi nilikunywa dawa ya kiungulia nikalala. Afrika Kusini nako mwaka huohuo walifunga maduka ya pombe kabisa, watu wakaingia jikoni kutengeneza bia ya mananasi, na nanasi likapanda bei. Hebu fikiria mtu asiyekunywa, ametoka zake nyumbani kununua nanasi la kula.

Mnadhani Ulaya nitapumua? Dada yangu ameolewa Göteborg, Uswidi, na mumewe naye ni shemeji yangu. Mungu amenijalia mashemeji kila bara. Kule hakuna marufuku, kuna kitu cha kuchosha zaidi: duka la serikali, Systembolaget, ambalo tangu 1955 ndilo linalouza karibu kila kilevi kinachozidi bia hafifu za dukani. Serikali inakuuzia huku ikitumaini hutanunua. Bia hazikai kwenye friji, zote ni za joto la chumba, usije ukazipenda. Jumamosi wanafunga saa tisa alasiri, Jumapili hawafungui kabisa. Kwa hiyo Jumamosi, badala ya kunionyesha bahari, shemeji wa Ulaya alinikimbiza na toroli kana kwamba kuna mafuriko yanakuja. Tulifika bado kidogo wafunge. Ndani kulikuwa na watu wazima wenye tai na mikoba wakitembea kwa haraka ile ya mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Nilipewa kreti nibebe. Sikuuliza ya nani.

Sasa shemeji wa hapa amekuja na jambo jipya. Anatimiza miaka ya ndoa, mkewe anataka Maldives, na sisi tumealikwa. Nilisoma sheria za huko usiku kucha, na kwa mara ya kwanza nilipata usingizi mtamu. Pombe huuzwa hasa kwenye visiwa vya hoteli za watalii. Visiwa wanavyoishi wenyeji havina hata tone, na katika kimojawapo, Maafushi, anayetaka kunywa hupelekwa kwa mashua hadi kwenye meli iliyotia nanga nje. Kuingia nayo nchini haiwezekani. Maofisa wa uwanja wa ndege wakiiona mkobani wanaichukua, wanakupa risiti, na unarudishiwa siku ya kuondoka. Yaani lita yangu, safari hii, haina kazi. Nikampelekea habari hizo nikiwa na uso wa huzuni niliouandaa.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Akanywa kidogo, akafikiri.

"Hizo risiti, shemeji," akasema, "kila abiria anapewa ya jina lake?"

Nikamwambia ndiyo, kila mtu yake.

"Basi vizuri. Na kwa mashua, wewe huogopi bahari, sivyo?"